Jumanne na Ijumaa za Elva

Wiki tatu baada ya kumzika mkewe, mzee Clarrie Hocking alikuwa bado anakula vyakula vya msiba. Friza ilijaa mabakuli ya nyama ya kuoka, viazi vya jibini na pai za kuku, na chini ya kila bakuli kumebandikwa kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe. Mtu akifiwa pale Kurrabil, mji mdogo wa wafugaji, wanawake hawaulizi kama kuna haja. Wanaleta, wanaweka mezani, wanaondoka kabla birika halijachemka. Kazi ya mfiwa ni kula, kuosha, na kumrudishia kila mtu bakuli lake.

Clarrie alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa amekamua ng'ombe tangu akiwa na miaka saba, amezalisha mitamba kwenye matope, amefungua pampu ya maji na kuifunga tena akiwa amefumba macho. Ila bakuli hakuwahi kuosha. Mkewe, Elva, hakumtaka karibu na beseni lake, na yeye hakuona sababu ya kugombania.

Bakuli la kwanza kulirudisha lilikuwa la Nola Trewin, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kanisani, na aliyejitolea pamoja na Elva hospitalini kwa miaka kumi na tisa. Nola alilipokea, akalinusa, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo. Alifungua maji ya moto akaliosha upya pale pale, mbele ya Clarrie, kisha akalifuta na kulipanga kabatini.

"Kaa basi," akamwambia. "Skonzi ziko tayari. Halafu nina jambo, na ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kulisikia dukani."

Jambo lenyewe lilikuwa toroli la chai. Kila Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi, akina mama wa kujitolea wenye koti la waridi walikuwa wakilisukuma wodi hadi wodi, kitanda hadi kitanda, vitanda ishirini na viwili, wakigawa chai, biskuti na magazeti ya zamani. Sheria ilisema lazima wawe wawili, mmoja wa kusukuma na mmoja wa kubeba vikombe, maana lile tangi la maji ya moto liliwahi kumbabua mtu. Zamani walikuwa kumi na wanne wa kupokezana. Sasa mmoja nyonga yake ilikuwa imevunjika, wawili walikuwa wamehamia kwa watoto wao mjini, wengine walikuwa makaburini, na Elva ndiye wa mwisho kwenda. Nola alibaki peke yake. Sista Raelene Dowd, msimamizi wa wauguzi, alikuwa amesema bila kuficha kwamba asipopatikana mtu wa pili kabla ya mwisho wa mwezi, toroli litaingizwa stoo, na pale kwenye ujia utawekwa mtambo wa kahawa wa kubonyeza.

"Na asiyeweza kutembea mpaka kwenye mtambo?" Clarrie akauliza.

"Atatazama dari."

Clarrie aliila skonzi yake taratibu mpaka ikaisha, na Nola akamwacha, maana alimjua kuwa si mtu wa kuharakishwa.

Elva alianza kwenda hospitalini miaka thelathini na minne nyuma, mtoto wao wa mwisho alipoingia shule. Sababu haikuwa siri. Yeye mwenyewe aliwahi kulazwa siku tisa kwa kidole tumbo wakati wa msimu wa kuzaa ng'ombe, na katika siku hizo tisa Clarrie aliweza kufika mara moja tu, na mabuti yake ya mpira miguuni. Elva aliporudi nyumbani alisema kidonda hakikuwa kitu. Kilichomuumiza ni kulala pale mchana kutwa bila mtu wa kuzungumza naye. Tangu hapo, Jumanne na Ijumaa, Clarrie alikuta chakula chake cha mchana kwenye sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine juu ya sufuria ya maji ya moto. Elva akirudi saa nane, Clarrie alimuuliza, "Za huko?" Naye akajibu, "Salama." Basi. Miaka thelathini na minne ya "za huko" na "salama." Akina mama wale walikula kiapo siku ya kwanza, kwamba ya kitandani yanabaki kitandani, na Elva alikishika kiapo kile kama alivyoshika funguo za kabati la vyombo.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa watu ambao Clarrie hakuwajua. Jamaa mmoja mkubwa, mwenye ndevu na michoro shingoni, alilia mpaka akatoka nje. Tangu siku ile Clarrie alikuwa anakosa raha. Hakuwa na wivu. Kwa umri ule wivu wa nini. Ila alikuwa ameishi na mke miaka hamsini na sita na sasa alikuwa anaona kwamba alimjua nusu. Nusu ile nyingine ilikuwa kwenye toroli, na toroli ndilo hilo linataka kutiwa stoo.

"Mimi je?" akasema.

Nola hakumwelewa, akamwongezea chai. Alipomwelewa alicheka mpaka akaketi, akajifuta macho kwa aproni. Alimuuliza kama tangu azaliwe amewahi kumpikia binadamu kikombe kimoja cha chai. Clarrie akasema amewahi kuwanywesha ndama mia tatu kwa chupa, na hakufa hata mmoja. Nola akamtazama kwa muda mrefu, kicheko kikamwisha.

"Kesho saa tatu uwe hapa," akamwambia. "Na unawe mikono vizuri mpaka viwiko, hilo najua unalijua."

Basi akafundishwa. Wiki nzima alishinda jikoni kwa Nola, anaambiwa buli lipashwe moto kwanza, majani vijiko vinne na siyo konzi, maziwa yaulizwe na yasimwagwe tu. Chai yake ya kwanza Nola aliitema kwenye beseni, akasema hiyo ni ya kupakia nguzo za ua zisiliwe na mchwa. Ya tano aliinywa nusu. Ya tisa aliimaliza, akasema tu, "Haya," na Clarrie alirudi nyumbani akiendesha gari kwa mwendo wa bwana harusi.

Koti la waridi la Elva halikumwingia hata bega. Nola akalifumua ubavuni akaongeza vipande vya koti jingine lililopauka zaidi, ikawa mzee ana mistari miwili kama ya ng'ombe wa maonyesho. Graeme, mwanawe aliyelishika shamba sasa, alimkuta barazani akijipima. Alimkagua baba yake kutoka juu mpaka chini, akavua kofia akajikuna kichwa.

"Baba, usipite zizini na hilo. Ng'ombe watakausha maziwa."

"Mama yako alipita nalo."

Graeme akavaa kofia yake. Alisema atampeleka yeye mwenyewe siku ya kwanza, kwa sababu breki za gari la mzee hazikuwa za kuaminika.

Ijumaa ile ya kwanza Clarrie aligundua kwamba wodi si kama zizi. Ng'ombe anakuangalia anajua unakuja kufanya nini. Mgonjwa anakuangalia anasubiri useme. Nola alisukuma, yeye akabeba vikombe. Hakujua la kusema, kwa hiyo kila kitanda alisema jina lake tu: "Mimi Clarrie. Wa Elva." Na hilo likawa kama ufunguo.

Mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto wa siku mbili alimwambia kwamba Elva ndiye aliyewahi kumsuka nywele yeye alipokuwa mtoto wa miaka sita, amevunjika mguu, kila Jumanne msuko mpya. Mtu wa kitanda cha tano alisema Elva alimsomea kurasa za mbio za farasi kwa sauti ileile ya kusomea Biblia. Na mzee Ivor, aliyekuwa mkata manyoya ya kondoo, mtu mkavu asiyemsifu mtu, alimwomba Clarrie akae kitandani kabisa, japo ni marufuku.

"Mke wako alinifunga pingu," Ivor akasema. "Nilikuwa nataka kutoroka, suruali nimeshavaa. Akaniambia, Ivor, nyoosha mikono. Nikanyoosha. Akanivisha uzi wa sufu huku na huku, pete kubwa hivi, akaanza kuukunja bonge. Sasa utaondokaje na uzi wa mtu mikononi? Saa nzima. Kufika mwisho wa uzi nimesahau nilikuwa nakwenda wapi."

Miaka yote Clarrie alimwona Elva akinunua uzi wa pete badala ya uzi uliokwisha kukunjwa, akadhani ni ubahili. Jioni kadhaa alijitolea kumshikia, na Elva akamwambia huo ni wa hospitali. Ilimkera kidogo, uzi kuwa na mahali pake, na yeye akiwa pale ana mikono miwili.

Aliporudi jikoni mwa hospitali akamuuliza Nola kuhusu yule mtu wa ndevu aliyelia kanisani. Nola alikuwa anasuuza vikombe. Alisema anajua habari yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na hatasema. Yule bwana akitaka kusema atasema mwenyewe. Clarrie akaona haya, kwa sababu alikuwa amekula kiapo kilekile asubuhi ileile.

Mambo yaliharibika Jumanne iliyofuata.

Jumanne ile ilikuwa siku ya daktari wa macho, ambaye alitoka mjini mara moja kwa mwezi, akawapasua wagonjwa wake sita, akaondoka. Waliokuwa wanamngoja walilazwa chumba cha mwisho, na juu ya kila kitanda kilining'inizwa kadi nyekundu yenye maandishi makubwa: ASILE, ASINYWE. Nola alimwonya Clarrie mara tatu. Lakini tangi la maji lilianza kuvuja mlangoni, Nola akainama kulifunga, na Clarrie akatangulia na buli.

Kitanda cha dirishani alikuwa Valda Peart, mjane wa miaka sabini na tisa aliyewahi kuendesha posta ya mji. Kichwani pake hapakuwa na kadi. Clarrie alitazama; baadaye aliapa kwamba alitazama. Valda akasema chai itamfaa sana, sukari mbili, na kama kuna biskuti ya tangawizi asione aibu kumpa. Clarrie akamimina. Valda akainywa yote kwa pumzi moja kama mtoto anayekunywa dawa, akamrudishia kikombe, akamshukuru kwa sauti ndogo. Ndipo Clarrie alipoona pembe nyekundu ya kadi imechungulia chini ya mto.

Alisimama pale na kikombe mkononi. Valda aligeukia dirishani. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili mpaka watu aliwatambua kwa sauti, na bado alikuwa na hofu kubwa zaidi ya kile kisu kuliko ya giza.

Clarrie alikwenda moja kwa moja kwa Sista Raelene. Alimwambia amempa chai mgonjwa wa upasuaji, kosa ni lake, hakuwa makini. Habari ya kadi hakuitaja. Sista Raelene alikuwa mwanamke mfupi anayetembea upesi, na alipokasirika hakupandisha sauti, aliishusha. Alisema daktari hatamgusa mtu aliyekunywa, Valda atangoja mwezi mzima, na kwa mwezi huo anaweza kuanguka kwenye ngazi zake akavunjika kiuno. Alimwomba Clarrie avue koti.

Alilivua, akalikunja, akaliweka juu ya meza. Nola alimpeleka nyumbani. Walipofika kwenye daraja akapunguza mwendo.

"Kadi ilikuwa wapi?" Nola akauliza.

"Ya kitandani yanabaki kitandani," Clarrie akasema.

Nola akaendelea kuendesha.

Siku tatu Clarrie hakutoka. Alikaa meza ya jikoni akila pai ya mtu fulani, plasta imetoka, hajui amrudishie nani. Alikuwa amekwenda kulishika toroli la mkewe lisianguke, na yeye ndiye aliyelisukumia shimoni. Mtambo wa kahawa ulikuwa umekwisha kuagizwa, Graeme alisikia hivyo dukani.

Siku ya nne Sista Raelene alikuja mwenyewe, akasimama barazani, akakataa kukaa. Alisema wakati wa kubadilisha shuka za kitanda cha dirishani alikuta kitu chini ya mto, na ameshazungumza na Valda. Hakuja kuomba radhi, alisema, kwa sababu mwenye buli ndiye mwenye kuangalia. Lakini Valda ana mtoto mmoja tu, yuko Perth, ng'ambo ya pili ya nchi, na siku ya daktari atakuwa peke yake tangu alfajiri. Wauguzi ni wawili kwa wodi nzima.

"Elva angekaa naye," akasema. "Elva hayupo. Utakaa wewe. Ukiweza kukaa na mtu mwenye hofu saa tatu nzima, usimpe chochote, na akaingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake au kwa kitanda, nitajua naweza kukukabidhi buli. Mwezi huu nitamtoa msichana wa jikoni amsaidie Nola. Zaidi ya hapo sina mtu, toroli litaingia stoo. Unanielewa, mzee?"

Alimwelewa.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Clarrie alimsumbua Nola kwa maswali: aseme nini, asiseme nini. Aliwaza uzi wa sufu, hata akaanza kufungua masanduku ya Elva kuutafuta. Nola akamkataza. Alimwambia asijifanye Elva, atauvuruga uzi, na katikati ya mavurugo yale atalia yeye kabla ya mgonjwa. Alimpa onyo moja tu: asije akamwambia mtu usiogope. Elva hakuwahi kulisema neno hilo hata siku moja, maana mtu ukimwambia hivyo unamfanya aogope na pia aone haya.

Siku ilipofika, Clarrie alikwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kijiko, akafika saa kumi na mbili na nusu. Valda alikuwa ameketi kitandani amevaa joho la hospitali, soksi nene miguuni, mkoba wake umebanwa mapajani kama anangoja treni. Kadi nyekundu safari hii ilikuwa imefungwa kwa uzi na mafundo mawili.

"Ni wewe wa chai," akasema.

"Ni mimi. Leo sina chai."

"Wamekuweka askari."

Clarrie akavuta kiti. Alizungumzia baridi. Valda akasema kila mwaka ni baridi mwezi huu. Alizungumzia mvua. Valda akasema hajali. Baada ya hapo akakaa na mikono yake juu ya magoti. Saa ya ukutani ilikuwa na mlio mkubwa. Saa moja na robo Valda alianza kutafuta ndara zake kwa mguu, anapapasa sakafu. Alisema amebadili nia, anakwenda nyumbani, macho yake ni yake. Clarrie alijua kwamba akimshika mkono atakuwa amekosa, na akimwacha atakuwa amekosa pia. Ndara moja ilikuwa chini ya kiti chake. Aliiona. Hakusema.

"Elva asingekaa tu namna hiyo kama gunia," Valda akasema kwa hasira.

"Elva hata nyumbani hakujua kukaa," Clarrie akajibu. Hakuwa amekusudia. Ilimtoka tu.

Mguu wa Valda ukasimama. "Sisi hapa tulifikiri nyumba yake lazima iwe kama kanisa," akasema. "Jinsi alivyokuwa mtulivu. Tulikuwa tunasema, huyu mwanamke hajawahi kugomba."

Clarrie akacheka, na kicheko kilimshtua mwenyewe, maana kilikuwa cha kwanza tangu mazishi. Akamwuliza Valda kama kweli hapa Elva hakuwahi kugomba. Hata siku moja, Valda akasema. Basi Clarrie akasogeza kiti, akamwambia kwamba Elva aligomba na jiko. Miaka hamsini na sita alikuwa anagombana na jiko kila asubuhi, analiita majina ambayo hata wachungaji wa ng'ombe hawayajui. Alipika kila siku ya Mungu, alioka, alitia pichi mitungi tisini kila kiangazi, na kupika alikuchukia kuliko kitu chochote.

"Elva? Yule wa keki ya maonyesho?"

"Alishinda mara sita. Kila mara alisema, sasa wataniomba tena mwakani."

Akamsimulia habari ya pudini, ile keki nzito ya matunda ya Krismasi. Krismasi moja joto lilikuwa la kupasua vioo, na mama yake Clarrie alikuwa amekuja, mwanamke aliyeamini kwamba bila pudini iliyochemshwa ndani ya kitambaa kwa muda wa saa sita, Yesu hakuzaliwa. Elva alikuwa amesimama jikoni tangu asubuhi. Saa saba kasoro kitambaa kikapasuka ndani ya sufuria. Clarrie alikuwa kwenye mlango wa nyuma akamwona kwa macho yake: mkewe aliinua pudini yote kwa koleo, inafuka moshi, akatoka nayo nje kichwa juu kama anayebeba taji, akafungua banda la kuku, akaitupa ndani, akafunga banda. Akarudi, akanawa, akafungua makopo mawili ya pichi, akaketi mezani. Mama mkwe alipouliza pudini iko wapi, Elva akamwambia imepumzishwa kidogo.

Valda alicheka kwa kushika ubavu, mkoba ukaanguka kando.

Akataka nyingine. Clarrie hakujua kwamba anazo, lakini zilikuja. Akamwambia jinsi Elva alivyopiga pasi mpaka vitambaa vya kukamulia, akisema ng'ombe naye ni mama wa watu. Jinsi alivyopasha soksi za mumewe kwenye mlango wa oveni msimu wa kuzaa, akazileta zizini kifuani ndani ya nguo zisipoe. Halafu akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu halikuwa jambo. Jumanne na Ijumaa, Elva akirudi hospitalini, hakuingia ndani moja kwa moja. Alikwenda bustanini na koti lake la waridi, akachukua mpira wa maji, akamwagilia kabichi. Dakika kumi, wakati mwingine zaidi. Clarrie alimwona kutoka mlango wa zizi, akadhani anapenda kabichi.

Macho ya Valda yasiyoona yalikuwa yamegeukia upande wa sauti ya Clarrie.

"Bwana wangu Keith alifia kitanda cha tisa," akasema. "Ijumaa, mwezi wa nane, miaka kumi na moja sasa. Elva alikuwa na mimi mpaka walipokuja kumchukua. Nilimwambia mambo siku ile, Clarrie. Mambo ambayo mtu hasemi. Na tangu hapo nimekuwa nikijiuliza, alikwenda kumwambia nani? Maana mtu hawezi kubeba vile peke yake akapika chakula cha jioni."

Clarrie alifikiri. Ijumaa ile aliikumbuka, kwa sababu ya kitu kilichomshangaza.

"Hakumwambia mtu," akasema. "Alimwagilia kabichi. Mvua ilikuwa inanyesha, naye amesimama katikati anamwagilia. Nilimpelekea kofia. Akaivaa, akaendelea."

Valda akatikisa kichwa polepole mara nyingi. Alipapasa, akaupata mkono wa Clarrie, akaushika, na wakakaa hivyo. Clarrie aliona kwamba nusu ile aliyokuwa akiitafuta wodini, yeye mwenyewe alikuwa ameishika pembe yake moja miaka yote, na pembe ya pili ilikuwa kwa huyu mama.

Hawakumsikia mtu wa kusukuma vitanda alipoingia. Alikuwa kijana mpole, akasimama anangoja. Valda akauliza ni nani. Akaambiwa. Akashusha pumzi, akavua pete yake akampa Clarrie amtunzie, akavua na ile miwani mizito isiyomsaidia tena, akampa nayo. Akalala chali, akajifunika mwenyewe mpaka kifuani, na kijana akafungua breki za kitanda.

Walikuwa wamefika mlangoni Valda aliponyanyua mkono, kitanda kikasimama.

"Hao kuku," akasema. "Waliila?"

"Waliimaliza. Ilikuwa na nusu chupa ya brandi. Walitembea kwa ubavu mpaka siku ya tatu, na yai hakutaga hata mmoja."

Kicheko cha Valda kilisikika kwenye ujia wote, kikapungua, mlango wa mwisho ukafunguka, ukafungwa.

Clarrie alibaki na kiti, pete, na miwani. Hakujua kama anaruhusiwa kuondoka. Sista Raelene akapita haraka kama kawaida yake, akatupa macho kwenye nafasi ya kitanda kisichokuwepo, akaendelea mbele hatua tatu, kisha akarudi. Alimwambia Nola yuko jikoni tangu saa tatu unusu, tangi limeshachemka, koti lake liko nyuma ya mlango, na kitanda cha kumi na nne anataka chai nyepesi.

"Na usome kadi," akasema. "Zote. Hata chini ya mito."

Clarrie akatia pete na miwani kwenye mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akaenda kunawa mikono mpaka viwiko.